Tarumbeta au klarineti? Kuchagua ala ya bendi ya shule kwa kuangalia utakavyopimwa

Mwanafunzi wa sekondari anayejiunga na bendi ya shule hapa Mombasa mara nyingi huchagua ala kwa macho. Huchukua ile inayong'aa zaidi kabatini, au ile aliyoisikia arusini ikiwatangulia watu njiani. Muhula ukikaribia kwisha, anaitwa mbele ya mwalimu peke yake. Anaambiwa apige skeli, yaani noti zinazopanda na kushuka ngazi kwa mpangilio, kisha kipande alichopangiwa, kisha mistari miwili ya noti ambazo hajawahi kuziona. Hapo ndipo anapojua alichagua nini.

Tunaanza na tarumbeta na klarineti kwa sababu ndizo ala ambazo wanafunzi wengi huishia kuchagua kati yake. Zote mbili zimejengwa katika B flati, yaani ukisoma C na kuipiga, piano itakuambia ni B flati. Kwa hiyo mwalimu akisema "skeli ya B flati, wote pamoja", mpiga tarumbeta na mpiga klarineti hupiga skeli ya C kwenye karatasi zao. Akisema E flati, wao hupiga F. Akisema F, wao hupiga G. Katika karatasi wako sawa kabisa. Tofauti iko kwenye mwili na sikio.

Mizani ya kupimia

Ili tulinganishe vizuri tunahitaji mizani moja. Shule nyingi hujipangia alama zao, kwa hiyo tutatumia mgawanyo wa ABRSM, bodi ya mitihani ya London iliyoanzishwa 1889, kwa kuwa unajulikana na uko wazi. Katika mtihani wao wa vitendo jumla ni alama 150. Vipande vitatu vina alama 30 kila kimoja, skeli na arpejio (noti za kodi zinazopigwa moja moja) 21, kusoma noti papo hapo 21, na mazoezi ya sikio 18. Kupita ni 100, daraja la pili kutoka juu huanzia 120, na la juu kabisa 130. Si lazima upite kila sehemu, kinachoangaliwa ni jumla.

Wanaomalizia mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE yao ya mwisho, yaani mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ni ya 2027, wana karatasi tatu za muziki: ya kutumbuiza, ya kusikiliza, na ya nadharia pamoja na historia na uchambuzi. Walioingia Gredi 10 kuanzia 2026 huukuta muziki ndani ya mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mfumo wowote uliomo, mambo manne hayakwepeki: upige ulichojiandaa, upige skeli, usome usichokijua, na usikie.

Tarumbeta: kidole hakikuambii uko wapi

Tarumbeta lina valvu tatu tu, yaani vitufe vya kubonyeza. Ya kwanza hushusha sauti kwa toni moja, ya pili kwa nusu toni, ya tatu kwa toni na nusu. Skeli ya C ya mwanafunzi mpya ni hii: C bila kubonyeza chochote, D kwa 1 na 3, E kwa 1 na 2, F kwa 1, G bila chochote, A kwa 1 na 2, B kwa 2, C ya juu bila chochote. Mtoto mwepesi huikariri jioni moja.

Lakini itazame tena skeli hiyo. C, G na C ya juu zote hazibonyezwi chochote, na E na A ni vidole vilevile. Kinachoamua ipi itoke ni midomo na kasi ya pumzi, na midomo haiwezi kuilenga noti ambayo sikio halijaisikia kwanza. Kosa la kawaida la mpiga tarumbeta mchanga kwenye upimaji ni kuwa na kidole sahihi na noti isiyo sahihi: anataka G, inatoka C, naye hajui kwa nini, maana vidole viko pale pale alipofundishwa. Mwalimu mzuri humwambia aiimbe noti kwanza, kisha aipulize. Ushauri huo si wa mapambo. Kwa ala hii ndiyo kazi yenyewe.

Faida yake huonekana kwenye sehemu ya sikio. Mwanafunzi aliyepiga tarumbeta mwaka mzima akitafuta noti kwa sikio huingia kwenye zile alama 18 akiwa tayari amefanya mazoezi bila kujua.

Sehemu ya kusoma papo hapo ina mtego wake. ABRSM hukupa hadi nusu dakika kuitazama karatasi kabla ya kuanza, na unaruhusiwa kujaribu sehemu yoyote kwa sauti. Mpiga tarumbeta aitumie nusu dakika hiyo kutafuta noti ya kwanza na mruko mkubwa zaidi uliomo, si kupitia vidole. Vidole vitakuja vyenyewe. Noti ya kwanza ikikosewa, mstari mzima huhama nayo.

Makosa ya mwili ni matatu na hujirudia kila mwaka. La kwanza ni kukandamiza chuma kwenye mdomo ili kupata noti za juu. Zinatoka, lakini baada ya dakika kumi mdomo umekufa ganzi na sauti imekauka. La pili ni kuvimbisha mashavu. La tatu ni kupiga mfululizo bila kupumzika. Muda wa kupumzika uwe sawa na muda wa kupiga: dakika tano za kupuliza, dakika tano za kusoma noti na kuimba. Aliyefungwa waya za kunyoosha meno ataumia zaidi kwa tarumbeta kuliko kwa klarineti, kwa kuwa chuma hukaa juu ya midomo yote miwili mbele ya meno. Mzazi mwenye mpango wa kumpeleka mwanawe kwa daktari wa meno mwaka huu alifikirie hilo kabla ya kulipia ala.

Klarineti: noti ni sahihi, sauti ndiyo tatizo

Klarineti ina vipande vitano: mdomo wa ala (kile kinachoingia kinywani), pipa dogo, mwili wa juu, mwili wa chini na kengele, ile ncha pana ya mwisho. Kwenye mdomo huo hufungwa ridi, kibanzi chembamba cha mwanzi. Ridi hiyo ndiyo inayotetema, si midomo yako. Funga matundu sawasawa, puliza, na noti unayoitaka itatoka. Ndiyo maana katika miezi miwili ya kwanza wapiga klarineti huwa mbele ya wenzao wa tarumbeta katika kusoma: kidole hapa kinasema kweli.

Shida yao ni ukwenzi, ule mlio mkali unaochomoka katikati ya wimbo. Una sababu chache, na karibu zote zinaonekana kwa macho. Kidole cha pete cha mkono wa kulia hakijafunika tundu lake, nacho ndicho mkosaji mkubwa. Taya limeuma ridi. Ridi imekauka, au ncha yake imemeguka. Ridi imefungwa kombo. Ikae katikati, ncha yake ikiachia ncha ya mdomo wa ala unene wa unywele, na skrubu zikazwe bila kulazimishwa. Mdomo wa chini hukunjwa kidogo juu ya meno ya chini, meno ya juu hukaa juu ya ala yenyewe, na pembe za midomo huvutwa ndani, si nje kama anayetabasamu. Anayeanza atumie ridi namba 2 au 2½. Namba 3 humfanya apulize kwa tabu na kuuma, kisha tunarudi kwenye ukwenzi.

Ukuta wa klarineti uko mahali pamoja, na kila mwanafunzi hufika hapo katika muhula wa pili. Ukipanda kutoka G hadi B flati ya katikati, vidole karibu vyote viko hewani. Noti inayofuata, B, inataka vidole vyote vishuke kwa pamoja, kitufe cha dole gumba kikiwa kimebonyezwa, na vidole vidogo navyo vikiwa kazini. Kutoka vidole viwili hadi mikono yote, kwa nusu toni moja! Skeli nyingi hufia hapo. Dawa ni kuacha vidole vya mkono wa kulia vikiwa vimefunga matundu yake tangu kwenye G, kwa sababu sauti za hapo haziharibiki navyo, ili ikifika B uwe na mkono wa kushoto tu wa kushusha. Fanya G, A, B flati, B, C, polepole, metronomu, kifaa cha kupiga mapigo, ikiwa 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo, mara kumi kwa siku. Wiki mbili zatosha. Asiyefanya hivyo atalikuta tatizo lile lile kwenye kila skeli ya alama zile 21, kwa sababu karibu zote huvuka hapo.

Kwenye sikio klarineti haikulazimishi, na hilo ni hasara iliyojificha. Unaweza kupiga muhula mzima bila kuisikia noti kabla haijatoka. Anayechagua klarineti ajiwekee kanuni ya kuimba mstari mmoja kila siku kabla ya kuupiga. La sivyo sehemu hiyo ya mtihani itamkuta mtupu.

Ndani ya bendi, nje ya bendi

Upimaji wa mtu mmoja mmoja na upimaji wa bendi nzima hauziangalii ala hizi kwa jicho moja. Klarineti hukaa nne, tano, sita pamoja, na karatasi zao zimejaa noti zinazokimbia. Aliyepotea kwa mapigo mawili hujificha kati ya wenzake na kurudi. Tarumbeta huwa na noti chache, na kimya kingi. Mpigaji wake anahesabu vituo, yaani kimya, vya vipimo 8 au 16, kisha anaingia peke yake kwa sauti inayosikika hadi getini. Akiingia kipimo kimoja mapema, kila mtu amejua. Mwanafunzi mwenye subira ya kuhesabu na ujasiri wa kuingia atapendeza kwenye tarumbeta. Anayependa kuwa na kazi mkononi muda wote atachoshwa na vituo vile, na klarineti itamfaa zaidi.

Hewa ya hapa kwetu

Mambo mengi yanayoandikwa kuhusu ala hizi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Mombasa ina joto, unyevu na chumvi ya bahari, na kila ala huumia kivyake.

Sauti ya ala za upepo hupanda zikipata joto. Januari hadi Machi, chumba cha muziki kikiwa juu ya digrii 30, bendi iliyotuniwa, yaani kusawazishwa sauti, asubuhi itakuwa juu ya sauti sahihi ikifika saa saba. Usituni ala ikiwa haijapashwa. Puliza dakika tano kwanza, kisha fungua programu ya kutunia kwenye simu ikiwa A = 440. Tarumbeta livute mrija mkuu nje kama sentimita moja, klarineti ivute pipa nje milimita moja au mbili. Mkaguzi hakukati alama kwa sababu ya hali ya hewa, lakini hukukata kwa kutoisikia tofauti.

Tarumbeta hukwama valvu. Jasho, vumbi na kutu ya shaba huganda ndani, na siku ya mtihani valvu ya pili inabaki chini. Kila siku kabla ya kupiga, fungua valvu moja moja, ivute nusu, tia matone matatu au manne ya mafuta ya valvu, irudishe hadi isikike imeingia mahali pake. Usizitoe zote pamoja. Zina namba, na zikibadilishana nafasi pumzi haitapita, utadhani ala imekufa. Mafuta ya kupikia na ya cherehani yasikaribie. Mdomo wa chuma ukikwama usiuvute kwa koleo: kuna kifaa chake, au upelekwe kwa fundi.

Klarineti huumia pedi na ridi. Pedi za ngozi nyembamba hunyonya unyevu wa masika, zinavimba na kuacha upenyo usiouona. Kausha ndani kwa kitambaa cha kuvuta kila baada ya kupiga, na utie kwenye sanduku vile vipakiti vya kukaushia vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu vipya. Ridi uwe nazo nne, utumie kwa zamu, na uzikaushe kabla ya kuzifungia. Ukitumia moja tu kila siku huota ukungu au hulainika, na siku ya kupimwa huna nyingine iliyozoea mdomo wako. Klarineti bora duniani hutengenezwa kwa mpingo, huu huu wa Tanzania na Msumbiji, lakini mwanafunzi achukue ya plastiki. Mbao hupasuka ndani ikilowa kwa pumzi huku nje ikiwa kavu, na plastiki haina habari hiyo.

Kuhusu majirani: tarumbeta katika nyumba ya ghorofa, au kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, linasikika nyumba kumi. Kipo kizibo cha mazoezi kinachoingizwa kwenye kengele, nacho hupunguza sana, ila huongeza ukinzani wa pumzi. Ukikitumia kila siku utakuja darasani ukipiga kwa kusukuma. Klarineti inavumilika mlango ukifungwa.

Na Ramadhani. Ridi lazima ilowe kabla ya kupigwa, na wengi huilowesha kinywani. Aliyefunga aitumbukize ncha kwenye kikombe cha maji dakika moja kisha aifute. Tarumbeta halihitaji hilo, lakini midomo iliyokauka saa kumi jioni haitetemi vizuri, sauti inatoka na upepo mwingi. Wengi huhamishia mazoezi baada ya futari. Mwalimu anayepanga upimaji mwezi huo auweke asubuhi, na wapiga tarumbeta awaite kwanza.

Nyingine, kwa ufupi

Tromboni haina valvu bali mkono wenye nafasi saba, na noti zake husomwa kama zilivyo kwenye piano. Skeli ya B flati huenda nafasi 1, 6, 4, 3, 1, 4, 2, 1. Hiyo ya pili ni mbali, na mwenye mkono mfupi atafika kwa shida. Hakuna alama kwenye chuma ya kukuonyesha pa kusimama, kwa hiyo sikio hubeba mzigo hata kuliko kwenye tarumbeta. Bendi nyingi hukosa wapiga tromboni, na anayeijua hutafutwa.

Saksafoni ya alto ndiyo inayotoa sauti ya kupendeza mapema kuliko zote. Imejengwa katika E flati, basi B flati ya bendi kwake ni G. Ni nzito shingoni na bei yake humfukuza mzazi.

Ngoma watu huzidharau. Mpiga ngoma ndogo hupimwa kwa usawa wa mikono na mapigo ya msingi kama kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto, kuanzia polepole hadi kasi na kurudi. Ila ngoma ndogo haina skeli. Muulize mwalimu mapema kama sehemu ya skeli utaipigia marimba au ala nyingine ya vibao, usije ukagundua wiki ya mwisho.

Kuikagua na kuijaribu

Ala za shule na za mitumba zikaguliwe kabla ya kukubaliwa. Kwa tarumbeta, vuta mrija mdogo wa kila valvu bila kubonyeza valvu yake. Usikie "pop". Usiposikia, valvu imelika na inavuja. Kwa klarineti, toa mwili wa juu, funga matundu yote kwa vidole, ziba chini kwa kiganja, kisha fyonza hewa. Ishikilie sekunde tatu au nne. Ikiachia mara moja, pedi zinahitaji fundi, na ukwenzi utakaousikia si kosa la mtoto.

Kisha jaribu zote mbili siku moja, dakika saba kila moja, mdomo wa ala ukiwa umesafishwa kwa maji ya sabuni. Kwa tarumbeta chukua kipande cha mdomo peke yake, kaza midomo kama anayetamka "m", utetemeshe, uimbe wimbo wowote unaoujua kwa mtetemo huo ukipanda na kushuka. Kwa klarineti chukua mdomo na pipa tu, puliza, utafute sauti moja isiyotikisika kwa sekunde nane, karibu na F shapu ya piano. Aliyepandisha na kushusha wimbo wake kwa midomo tupu apewe tarumbeta. Aliyeishikilia ile sauti moja bila kutetereka apewe klarineti, na ridi nne za namba 2.